Barua kwa mwanangu anayeandika

Mwanangu Neema,

Salaam nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Umesema hadithi yako ya watoto wanaoponda kokoto imekugomea. Basi tafuta filamu ya mwaka 2017 iitwayo The Man Who Invented Christmas. Inasimulia jinsi mwandishi Mwingereza Charles Dickens alivyoandika A Christmas Carol, hadithi ya bahili anayebadilishwa na mizimu wakati wa Krismasi, huko London, mwaka 1843.

Anayeigiza Dickens ni Dan Stevens, na yule bahili, Scrooge, ni marehemu Christopher Plummer. Scrooge anamtokea mwandishi chumbani, anabishana naye, anakataa katakata kubadilika. Hapo nimepapenda mno. Tara, msichana wa kazi anayewasimulia watoto habari za mizimu, ametungwa tu, wala sioni ubaya.

Ila ya kweli yananigusa zaidi. Mwaka 1824 Dickens alikuwa na miaka 12. Baba yake alifungwa jela ya Marshalsea kwa madeni, na mtoto akawa kiwandani anabandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu, shilingi sita kwa wiki. Aibu hiyo aliificha. Wasomaji wake waliijua alipokwisha kufa, mwaka 1870.

Kisha, mwaka ule wa 1843, akasoma ripoti ya serikali kuhusu watoto waliofanyishwa kazi viwandani. Kwa hasira akakusudia kuandika kijitabu cha kumtetea mtoto wa maskini. Akaghairi, akaona hadithi itapiga kwa nguvu zaidi. Aliiandika kwa wiki sita hivi, usiku akizunguka mitaani maili kwa maili, mara analia, mara anacheka.

Mama, kijitabu kile leo nani angekisoma? Nawe hasira yako usimpe yule mwalimu mkuu wa hadithi yako aihutubie ukurasa wa tatu. Mpe mtoto nyundo, tuone vidole vyake vilivyo, tusikie anachomwambia mdogo wake jua likiwa utosini.

Kitabu kilitoka tarehe 19 Desemba. Gharama alilipa mwenyewe, maana alikitaka kizuri: jalada jekundu, kingo za dhahabu, picha za John Leech zilizotiwa rangi kwa mkono, na bado kiuzwe shilingi tano. Nakala 6,000 ziliisha kabla ya Krismasi, lakini faida ya toleo hilo haikufika hata robo ya pauni 1,000 alizotarajia. Mswada wake upo Morgan Library, New York, umejaa mistari ya kufuta na maneno yaliyobanwa juu ya mengine. Kwa hiyo usiuonee haya uchafu wa daftari lako.

Nitumie kurasa zilizokwama hivyo hivyo, usizinakili upya. Pesa ya hosteli nitaituma Ijumaa. Mama yako anakusalimu, anauliza kama lile koti limekutosha.

Ni mimi baba yako.