Barua kwa mwanangu: mkishuka Malindi, bandari ya Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kusikia meli yenu itapita Unguja, ingawa siku moja ni kidogo mno. Basi msiigawe vipande vipande. Bustani ya Forodhani mtaiona tu mkitoka bandarini. Wapeleke wakweo pwani ya Jambiani na msitu wa Jozani, mrudi.

Waanze wapi? Tazama tarehe ya mwezi. Uliondoka mdogo, huenda umesahau: mwezi ukiandama, na ukifika kumi na nne, kumi na tano, ndiyo bamvua. Siku hizo maji hutoka mbali, na huwa yamekauka mnamo saa nne, saa tano za asubuhi. Hapo anzeni pwani, Jozani iwe ya kurudia. Mkiangukia maji mafu, zile siku ambazo maji hayatoki mbali, asubuhi bahari imejaa, kwa hiyo tangulieni msituni.

Jambiani maji yakitoka mtawakuta kinamama kwenye mashamba ya mwani, kamba zimefungwa vigingini. Kilimo hicho kilianza pwani hiyo mwaka 1989. Msizikanyage kamba, na kabla ya kumpiga mtu picha muombe ruhusa, maana yuko kazini. Vaeni raba, si kandambili. Kwenye mwamba kuna vile vidude vyeusi vya miiba mirefu, na mwiba ukikuvunjikia mguuni, matembezi yamekwisha. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mkitazame humo humo majini. Watu hukinyanyua juani wapige nacho picha, sijui raha yake nini. Bahari ikianza kujaa geukeni mapema, kwani maji hupitia mikondoni yakawazunguka kwa nyuma.

Jozani utamwona kima punju, ambaye asili yake ni huku kwetu tu. Akishika tawi mwangalie mkono: vidole vinne virefu, gumba kama halipo. Hula majani ya mkungu na mwembe, kisha huokota mkaa akautafuna, hata ule wa majikoni mwa watu. Watafiti wanasema mkaa humpunguzia sumu iliyomo kwenye majani. Msimpe chakula wala msimsogelee, maradhi yetu yanaweza kumpata. Mkweo mwenye magoti mabovu apite ule ujia wa mbao katikati ya mikoko. Ni tambarare, na kaa atawaona chini yake.

Pomboo wa Kizimkazi mimi siwashauri. Maboti huwakimbiza na kuwazingira mpaka huruma.

Siku hiyo daladala usipande, husimama kila kituo. Chukueni gari, mpatane bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hamjapanda. Muwe mmerudi mjini muda wa saa mbili kabla ya meli kung'oa nanga, haimngoji mtu. Tena ulizeni kabla ya kushuka kama saa ya melini ni sawa na ya huku. Mjini mfunike mabega na magoti, na mkononi muwe na shilingi za noti ndogo. Matumbawe, makombe na vitu vya gamba la kasa msinunue hata mkibembelezwa. Mnaweza kunyang'anywa njiani, na kasa wenyewe wamebaki wachache.

Nitumie tarehe na saa ya kushuka, nizungumze na dereva mapema. Chakula cha mchana nitawafungia mimi. Kama wakweo hawali pweza, niambie.

Wasalaam,
Mamako