Mwacheni Hellebuyck asimame golini

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu 2018, mwaka tuliohamia Winnipeg, Canada, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Yapo mambo yaliyonikera, nikayaacha yapite. Ila habari yenu ya jana Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025, kuhusu mashabiki wa Jets, timu yetu ya hoki ya barafuni, imenishinda kuiacha. Niliisoma kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, nikairudia nyumbani, na sasa naandika koti likiwa bado mwilini.

Mmewahoji mashabiki sita na wote sita wamesema kitu kimoja: timu haijiamini, na haijiamini kwa sababu ya kipa. Mmoja anataka kipa huyo, Connor Hellebuyck, akae benchi kesho Jumatano, kipa wa akiba Eric Comrie aanze dhidi ya Dallas Stars, wapinzani wetu wa raundi ya pili ya mtoano. Mwingine anasema Hellebuyck ni kipa wa msimu wa kawaida tu, mechi za mtoano zinamshinda. Mwandishi wenu akayapokea yote hayo akayachapa. Hakuwauliza hao sita kama Jumapili usiku waliangalia mechi hadi mwisho.

Mimi niliiangalia hadi mwisho. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili nikae na mwanangu. Tulikuwa nyuma 3-1 dhidi ya St. Louis Blues katika mechi ya saba ya raundi ya kwanza, ile ya mwisho, kwani anayetangulia kushinda nne ndiye anayesonga mbele, zimebaki kama dakika mbili msimu wetu uishe. Namestnikov akarudisha moja. Perfetti akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde ambazo hazifiki tatu, na jirani wa ghorofa ya juu akaruka hadi taa ya sebuleni kwetu ikatikisika. Tukaingia muda wa nyongeza, ambao bao moja tu linamaliza mechi. Nyongeza ya kwanza, dakika 20, hakuna bao. Nyongeza ya pili, dakika ya 17, Adam Lowry akamaliza kazi. Mji mzima unawazungumzia Perfetti na Lowry, na wanastahili. Lakini shikeni kalamu mhesabu. Bao la tatu la Blues liliingia mwishoni mwa kipindi cha pili. Kuanzia hapo, kipindi kizima cha tatu, nyongeza yote ya kwanza na dakika 16 za nyongeza ya pili, Blues hawakupata kitu. Dakika 56. Ukiondoa muda mfupi alipotoka ili mshambuliaji wa sita aingie, aliyesimama golini ni huyo huyo mnayesema moyo umemwisha. Bao moja la Blues katika muda wote ule, na leo tusingekuwa tunabishana kuhusu Dallas.

Sikatai kwamba kule St. Louis aliteseka. Mechi ya tatu tulifungwa 7-2, ya nne 5-1, ya sita 5-2, na zote tatu kocha Scott Arniel alimtoa kabla hazijaisha. Katika ile ya sita mabao manne yaliingia mfululizo ndani ya muda usiotimia dakika sita. Msimu wa kawaida alikuwa akizuia mashuti 92 au 93 katika kila 100. Dhidi ya Blues alizuia 83. Mwaka jana Colorado walitutoa kwa mechi tano na akafungwa mabao 24. Hayo yote nayajua, na yananiuma kuliko yanavyowauma hao sita. Lakini anayesema mtoano unamshinda aseme pia kwamba mwaka 2018 alitufikisha fainali ya upande wa Magharibi. Aseme kwamba mwaka 2021 Edmonton ya nyota McDavid na Draisaitl ilitolewa mechi nne kwa sifuri, tatu kati ya hizo zikiamuliwa kwenye muda wa nyongeza, moja ikifika hadi nyongeza ya tatu. Kipa alikuwa nani?

Kumtoa zile mechi tatu, kocha alifanya sawa. Kipa hutolewa ili aokolewe. Wanaoufahamu mchezo huu wanakumbuka tarehe 2 Desemba 1995, Montreal wakifungwa na Detroit 11-1, na kipa wao Patrick Roy akaachwa golini hadi bao la tisa, uwanja wa nyumbani ukimdhihaki. Siku nne baadaye alikuwa amekwenda Colorado, na msimu huo huo akabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi yetu, akiwa na Colorado. Arniel alimkinga mtu wake na aibu ya namna hiyo, akamrudisha mechi ya tano tukashinda, akamrudisha ya saba tukashinda. Kwa hiyo kocha anamwamini. Wenzake wanamwamini, kwani Jumapili walimkimbilia kumkumbatia. Hiyo timu isiyojiamini mwandishi wenu aliiona wapi?

Halafu hakuna hata mmoja aliyesema mabao yenyewe yaliingiaje. Goli la hoki lina futi sita kwa upana na futi nne kwenda juu. Kile kisahani cheusi cha mpira kina unene wa inchi moja, na kikipigwa vizuri kinapita kasi ya gari lililo barabara kuu. Kipa hakizuii kwa kukikimbilia. Anakizuia kwa kukiona mapema, gongoni mwa mpigaji, na kujipanga kabla hakijaondoka. Sasa muwekee wanaume wawili wa kilo 100 mbele ya uso wake, beki wake mmoja na adui mmoja, wamegandana, makalio yao ndiyo anayoyaona. Shuti linatoka mbali, linapita katikati ya miguu, linagusa gongo la mtu njiani na kubadili mwelekeo. Blues waliifanya hiyo kuwa kazi yao kule kwao, na mabeki wetu waliwaacha wasimame pale kama wageni waliokaribishwa. Yule adui mbele ya kipa anaondolewa na beki. Sikuona jina la beki hata mmoja katika habari yenu. Na kama ni wasiwasi, nendeni mkaulizie hali ya Mark Scheifele, ambaye Jumapili hakucheza, na ya Josh Morrissey aliyeumia mapema katika mechi hiyo hiyo. Dallas wanakuja na Mikko Rantanen, ambaye Jumamosi aliwapiga Colorado, timu yake ya zamani, mabao matatu katika kipindi kimoja. Akiachiwa nafasi mbele ya goli, mlete kipa yeyote wa dunia hii.

Nimekulia Tanga. Baba alikuwa akinipeleka uwanja wa soka wa Mkwakwani nikiwa mdogo, na nilijifunza mapema kwamba mshambuliaji akikosa bao watu husikitika, kipa akifungwa watu husema kauza mechi. Nilidhani neno hilo nimeliacha kule. Nimelikuta huku kwenye baridi, limevaa jezi nyeupe ya shabiki wa Jets.

Mwanangu ana miaka 10 na ni kipa. Alichagua mwenyewe. Februari mwaka huu walicheza kwenye uwanja wa ndani upande wa kaskazini ya mji, asubuhi ya Jumamosi, nami nikiwa sijalala tangu zamu. Kipindi cha kwanza alifungwa mabao matatu. La kwanza sikuliona, nilikuwa nanunua chai. La pili na la tatu niliyaona: watoto wote wa timu yetu walikuwa wamepanda mbele, yeye amebaki peke yake, wawili wanamjia. Hata Hellebuyck asingefanya lolote. Baba mmoja aliyesimama nyuma ya kioo, mzazi wa timu yetu wenyewe, akapaza sauti: Mtoe huyo, mtoe! Akarudia, na mwingine akamuunga mkono. Kocha alitazama juu kule wazazi walikosimama, akaangalia chini, halafu akampungia mwanangu mkono aje. Nasema tena, alitazama wazazi kwanza. Mtoto akateleza polepole hadi benchi, akakaa mwisho kabisa, kofia yake ya kipa usoni. Mechi iliisha, hakuivua. Chumba cha kubadilishia nguo, hakuivua. Tulipanda gari akiwa nayo, ule wavu wa chuma ukigonga kioo cha dirisha kila tukipita kwenye shimo, na mimi nilikuwa nikiusikia ule mgongano kuliko redio. Tulipofika nyumbani alikaa nayo kwenye kiti cha mlangoni hadi theluji ya viatu ikayeyuka ikawa dimbwi. Nilipiga magoti nikamfungua kamba za kidevuni. Uso ulikuwa umelowa, nywele zimegandamana, na alama ya sponji imejichora kwenye paji. Aliniuliza: Mama, wenzangu wananichukia? Sikuwa na jibu la haraka. Nilimkumbatia. Wiki mbili hakugusa gongo. Kilichomrudisha ni kumwona Hellebuyck kwenye televisheni akifungwa, akinywa maji, akigonga milingoti ya goli kwa gongo, kushoto na kulia, halafu akisimama tena. Akasema, kumbe hata yeye. Sasa amekuja kusimama nyuma yangu ninaposoma gazeti lako, kwa sababu Kiswahili namfundisha humo humo, akasoma kwa sauti kichwa cha habari yenu, neno kwa neno, akauliza: kwa hiyo na yeye wanataka kumtoa?

Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Mnaandika sana kuhusu wachezaji wakubwa, hamuandiki jinsi watoto wetu wanavyoshindwa kuingia kwenye mchezo wenyewe. Vifaa vya kipa ni mzigo. Kinga za miguu peke yake zinakula mshahara wa wiki, bado kofia, kinga ya kifua, glovu ya kudakia, glovu ya gongo, gongo lenyewe, na viatu vya barafuni vya kipa ambavyo si sawa na vya wengine. Mtoto anavikua vyote kila mwaka. Nilikwenda duka moja la vifaa vilivyotumika, kijana wa dukani akaniangalia mimi na ushungi wangu, akanielekeza upande wa mipira ya kawaida kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia natafuta kinga za kipa, akaniuliza ni za nani. Za mwanangu, nikamjibu, na nikasimama pale pale hadi akaenda kuzitafuta. Familia ngapi za wasomaji wako zimegeukia mlango pale? Wakongomani, Warundi, Wakenya, Watanzania, tumejaa mji huu, watoto wetu wanaipenda Jets, na gazeti letu wenyewe haliwaambii wazazi ni vituo gani vya mtaa vinaazima vifaa vya kipa bure. Vipo. Mimi nilivigundua mwaka wa tatu.

Sasa ninachoomba. Kwa mfululizo wote huu wa Dallas, kila tukifungwa, msiandike kwanza jina la kipa. Andikeni vitu vitatu: shuti lilitoka wapi, nani alikuwa amesimama mbele ya kipa, na beki gani alitakiwa kumwondoa. Mistari mitatu tu kwa kila bao, hata kwa herufi ndogo. Mwandishi wenu akilazimika kurudia kuangalia kila bao ili aijaze mistari hiyo, nina hakika habari zake zitabadilika kabla ya mechi ya tatu. Na nyinyi mnaokwenda uwanjani kesho na nguo zenu nyeupe: Dallas wakifunga bao la kwanza, na huenda wakafunga, simameni. Mpigieni Hellebuyck makofi tangu kisahani kinapotolewa wavuni hadi mwamuzi akidondoshe tena katikati. Ni kama nusu dakika. Kipa husikia, mwanangu ameniambia. Anasema ukiwa ndani ya ile kofia unasikia kila kitu.

Comrie ni kipa mzuri na siku yake ikifika nitampigia makofi vile vile. Kesho si siku yake.

Na kama kuna msomaji mwenye kinga za miguu za kipa za inchi 28 ambazo mwanawe hazimtoshi tena, naomba aache ujumbe ofisini kwako. Zetu zimepasuka mshono wa goti la kushoto.

Mama wa kipa,
Winnipeg