Risala ya Klabu ya Wanyamapori kwa Mgeni wa Heshima: Kibisi wa Dunga na Nduguye wa Alaotra

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, wavuvi wa ufuo wa Dunga na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Karibu Kisumu. Sisi wanachama wa Klabu ya Wanyamapori tumeona leo tukueleze habari za ndege wawili wa maji. Mmoja tunamwona karibu kila Jumamosi. Mwingine hatutamwona kamwe.

Wa kwanza ni kibisi. Wengi hapa humdhania mtoto wa bata, lakini si bata: mdomo wake umechongoka, na kila kidole cha mguu kina ngozi pana kama jani. Ukimkazia macho, chubwi! Amezama, na ataibuka pale usipomtazamia. Kiota chake huelea juu ya maji, na akiondoka huyafunika mayai kwa majani yenye unyevu. Aprili tulijibanza kwenye mafunjo tukamwona mzazi amebeba makinda wawili mgongoni, vichwa vyao vya milia vikichungulia katikati ya manyoya. Akageuza shingo, akamlisha mmoja unyoya. Ndiyo, unyoya! Vibisi huyameza manyoya yao wenyewe, na wataalamu wanafikiri huwakinga na miiba ya samaki tumboni.

Kibisi huyu yuko Naivasha, yuko Nakuru, yuko hata Ulaya na Asia. Hana shida ya idadi.

Nduguye aliishi Alaotra, ziwa kubwa kuliko yote nchini Madagaska, na kandokando yake tu. Mabawa yake yalikuwa mafupi, hakuweza kuruka safari ndefu. Ziwa lilipoharibika, hakuwa na pa kukimbilia. Watu walipandikiza samaki wageni, wengine wala nyama. Matete yakafyekwa kupisha mashamba ya mpunga. Zikaja nyavu za nailoni, ambazo ndege anayepiga mbizi hazioni. Kisha kibisi wa kawaida, mwenye mabawa ya kumfikisha popote, akaingia humo na kuzaana naye, hata damu ikachanganyika. Mwaka 1982 walionekana 12. Baada ya miaka hiyo ya 1980 hakuonekana tena, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba ametoweka duniani.

Tulibishana sana klabuni kama huenda amejificha mahali. Ziwa hilohilo lilikuwa na bata aliyeonekana humo mara ya mwisho mwaka 1991, wote wakadhani amekwisha, kumbe mwaka 2006 akapatikana katika ziwa dogo kaskazini mwa kisiwa. Lakini bata yule anaruka. Kibisi wa Alaotra hakuwa na mabawa hayo, na sisi hatuna tumaini naye.

Mheshimiwa, tulipoyasoma haya tuliona kama tunasoma habari za hapa kwetu. Mbuta, yaani sangara, naye aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na samaki wengi wadogo wa asili wakapotea. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimekatazwa na sheria ya Kenya, ila bado zinatupwa majini. Mwezi uliopita tuliukuta wavu uliotelekezwa kwenye gugumaji. Ndani yake mlikuwa na kibisi, shingo yenye rangi ya kutu imezungukwa na uzi mara tatu, macho wazi. Tulichukua wembe tukaukata uzi taratibu, lakini alikuwa amekwisha kufa. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, ndiye aliyemzika.

Hatuwalaumu wavuvi. Wengi wetu karo yetu imetoka kwenye omena. Ombi letu la kwanza ni utusaidie kuzungumza na viongozi wa ufuo ili patengwe mahali pa kukusanyia nyavu mbovu, zisirudi ziwani. La pili ni darubini. Tunayo moja, kioo kimoja kimepasuka, nasi tunapokezana hadi ndege ameshazama.

Baada ya chakula, wavuvi wamekubali kutupatia mtumbwi. Kuna kiota kimoja nyuma ya mafunjo chenye mayai manne, na tungependa ukakione kabla hujaondoka.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Wanyamapori.