Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia Ngapi Ziwe Kwenye Miongozo Yetu

Ndugu wanachama,

Ya ada na ukumbi mtayasikia kwa mweka hazina, hayana utata. Mimi naenda kwenye lililotugawa mwaka mzima: miongozo yetu ya kusakinisha programu huria itaje kila njia iliyopo, au imshike mtu kwenye njia moja?

Wanaotaka njia zote wanasema uhuru ndio kuchagua. Kamati iliwasikiliza, haikukubaliana nao. Anayesakinisha kwa mara ya kwanza hana cha kupimia kati ya apt, kisakinishi cha mfumo wenyewe, na Flatpak au AppImage, njia mbili zisizopitia kwa apt. Ya kwanza ikikwama anarukia nyingine bila kuifuta ile, na matatizo mengi yanayoletwa kwetu huanzia hapo.

Chukueni PostgreSQL, programu ya kutunza data, kwenye kompyuta ya duka yenye Debian 12, mfumo endeshi wa Linux. Kwa apt ya kawaida unapata toleo la 15, linashika poti (mlango wa mawasiliano) 5432. Mtu akiongeza hazina ya vifurushi ya mradi wa PostgreSQL wenyewe na kusakinisha toleo la 17, la zamani haliondoki. Jipya linakaa kando yake kwenye poti 5433. Programu ya duka inaendelea kuandika kwenye 15. Mwenye duka anafungua 17, anakuta patupu, anaamini mauzo yake yamefutika. Kabla ya kugusa chochote, aendeshe amri ya pg_lsclusters: ataona matoleo yote mawili, kila moja na poti yake.

Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni hivyo hivyo. Debian 12 hukataa pip install (amri ya kuongeza vifurushi vya Python) ya moja kwa moja kwa ujumbe wa externally-managed-environment, yaani Python hiyo inasimamiwa na mfumo, na kuna miongozo inayoweka --break-system-packages, ya kulazimisha, kama mbadala. Huo si mbadala, ni kuvunja mlango wakati ufunguo upo: sudo apt install python3-venv, kisha python3 -m venv ~/kazi, inayotenga folda ya peke yake, halafu ~/kazi/bin/pip install.

Kwa hiyo tumeamua: kila mwongozo una njia kuu moja, iliyojaribiwa kwenye mashine safi tangu kusakinisha hadi kufuta. Mbadala unaingia pale tu mashine au mtandao unapolazimisha, tena kwenye ukurasa wake wa pembeni. Ladha ya mwandishi haitoshi.

Wenzetu wa Ukerewe wenye bando dogo wana sababu ya kweli. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Flatpak ikiwa ya kwanza kwenye mashine hushusha pia maktaba zake za msingi, mamia ya megabaiti. Kwao tumeandika njia ya flashi: kifurushi cha .deb kinashushwa hapa mjini, kinafunguliwa huko, unaingia folda ya DEBS na kuendesha sudo dpkg -i *.deb. Programu inakaa chini ya /opt na apt haitaisasisha. Onyo hilo liko mstari wa kwanza, maana likiwekwa chini halisomwi.

Ukurasa wa pembeni usio na mwanachama wa kuutunza na tarehe ya jaribio la mwisho utaondolewa.

Limebaki moja la kupigia kura leo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Wenye mashine hizo wanaweza kubaki na Debian 12, ambayo msaada wake wa muda mrefu unaisha Juni 2028. Kamati inapendekeza ukurasa wa pembeni hadi tarehe hiyo, ila anatakiwa mwenye mashine ya namna hiyo ajitolee kuujaribu.