Shoga, Usininunie

Ngamiani, Tanga
12 Desemba 2023

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe umeusoma ukanyamaza. Tiki za buluu nimeziona, usijitetee. Basi mimina chai, kaa, usome.

Kwanza, mama hajambo. Najua hilo ndilo unalolitafuta humu, ukilipata ukunje karatasi uende zako. Homa imekwisha na nyumba imekauka baada ya yale maji ya mvua, ila ule ukuta wa jikoni. Habari zake nyingine nimeziweka mwisho makusudi.

Ile siku ulinipigia saa nne asubuhi, watu wamejaa hadi barazani hapa duka letu la laini za simu. Ukasema, "Nirudishie laini ya mama, yeye yuko Pongwe kwa mama mdogo hawezi kuja. Namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ninayo, nikutumie." Nikakwambia bila kidole chake haiwezekani. Ukasema wewe si mtu baki. Nikasema hata hivyo. Ukaniambia siku hizi nimekuwa mkubwa, ukakata. Sikulia, maana palikuwa na watu, lakini hebu nikusimulie ilivyokuwa, halafu ukitaka kuninunia uninunie ukijua.

Mvua yenyewe hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa walitangaza tangu mwezi wa nane kwamba vuli ya mwaka huu itapita wastani kwa ajili ya El Nino, wazee wakatukumbusha ya 1997, nasi tukaitikia "ehe" kama tunavyoitikia kila kitu. Maji yalikuja usiku. Kwangu yaliishia kizingitini. Kule bondeni waliamka ndoo zinaelea. Sitakusimulia zaidi, picha umeziona, na tangu wenzetu wa Hanang walipofukiwa na tope tarehe 3 mwezi huu naona haya hata kuyaita yetu mafuriko.

Kazi yetu unaijua. Siku za kawaida mtu akipoteza simu, kapoteza simu. Safari hii kapoteza simu, kitambulisho, sufuria, na pesa yake yote imo ndani ya laini. Ndugu zake wa Dar wamemtumia nyingine ya godoro na unga, nayo imo humo humo. Hajalala siku tatu. Anaingia dukani ananikuta mimi, sare imepigwa pasi, feni inanipepea, namwambia, "Weka kidole hapa." Ningekuwa yeye ningenirushia kiatu.

Mmoja alirusha. Kandambili. Ilimpata mlinzi.

Siku ya kwanza kosa lilikuwa langu. Mtandao ulikuwa unakatika. Mnara ukikosa umeme unakula betri, betri ikiisha unategemea jenereta, na jenereta inataka dizeli, na gari la dizeli lilikuwa limekwama njiani. Hayo niliyajua. Lakini tumefundishwa kumwambia mteja, "Subiri kidogo mama, unarudi sasa hivi," nami nikawaambia hivyo watu themanini tangu asubuhi. Sasa hivi ikawa saa tisa alasiri. Mama mmoja akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, sasa hivi yenu ina urefu gani?" Nikakosa pa kuficha uso. Kesho yake nikachana boksi la sabuni nikaandika kwa makapeni: MTANDAO HAKUNA. MNARA UNASUBIRI DIZELI. SAA HATUIJUI. Bosi alipoliona akasema linaharibu sura ya duka. Nikamwambia alitoe mwenyewe mbele ya watu. Halikutoka. Na makelele yalipungua, wallahi. Waliokuwa na shughuli walikwenda kuzifanya, waliobaki walikaa barazani wakahadithiana ya maji.

Jambo jingine nililolijua kwa kuchelewa: wengi hawakuhitaji laini mpya kabisa! Simu ikiingia maji inakufa, lakini kile kilaini chenyewe ni kigumu. Ukikitoa, ukakifuta, ukakiacha kikauke, ukakitia kwenye simu nyingine, mara nyingi kinafanya kazi. Mama mmoja wa makamo alipanga foleni saa mbili na simu yake ndani ya kopo la mchele, kaambiwa na mwanawe kwamba mchele unanyonya maji. Nikaitoa, ina punje hadi kwenye tundu la chaji. Laini nikaifuta kwa ncha ya mtandio, nikaitia kwenye simu ya duka, jumbe zikaanza kulia, pipipi, kumi na moja. Akasema, "Sasa na mchele huu?" Nikamwambia akaupike, siku hizi mchele una bei. Tangu hapo nikawa napita kwenye foleni na sahani, nakusanya simu zilizokufa kabla watu hawajafika mezani.

Lakini wenye laini zilizopotea kweli, hao walikuwa na kazi. Tangu usajili wa alama za vidole uanze 2019, huna kidole huna laini, unajua tulivyohangaika hadi ile 20 Januari 2020 watu walipoanza kuzimiwa. Mtu kitambulisho kimekwenda na maji, namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa, hizo anazikumbuka, kumi na mbili zilizobaki nani azikumbuke? Tunamwazima simu apige *152*00# aitafute, naye jina analiandika anavyolitamka, si kama lilivyo kwenye fomu. Mwanaidi, Mwanahidi, Mwanaeidi. Basi ni hivyo hadi jua linazama.

Nitakwambia wawili tu, maana hao ndio sababu ya barua hii.

Wa kwanza ni mzee mmoja alikuja na baiskeli yake, akataka iingie ndani isiibwe, tukaiingiza. Muashi, kajenga nusu ya Duga kwa maneno yake. Akaweka gumba la kulia. Mashine ikakataa. La kushoto, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Nilimshika mkono nikautazama: shoga, hauna mistari. Saruji ya miaka arobaini imeila yote, na juu yake kashinda siku tatu anazoa tope kwa sepeto. Ncha za vidole zinang'aa kama kokoto ya mtoni. Mashine ikakataa mara ya sita, akapiga meza kwa kiganja, vocha zikaruka. "Yaani wewe mtoto unaniambia mimi siye mimi?"

Duka zima kimya. Nami sikuwa na jibu, kwa sababu ndicho hasa nilichokuwa namwambia.

Nikafunga dirisha langu. Foleni ikaguna, nikaiacha igune. Nikampeleka uani kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, nikampa kitambaa akakausha hadi kwenye kucha. Kisha nikatoa kwenye mkoba wangu kile kichupa cha mafuta ya nazi cha nywele, nikamtia tone kwenye kila ncha, akayasugua. Ngozi ikikauka sana mashine haioni kitu, mafuta kidogo huamsha mistari iliyobaki. Tukakaa kwenye ngazi kama dakika kumi. Hakusema neno ila moja: nyumba yake mwenyewe imesimama, chumba alichoongeza mwanawe kwa fundi mwingine ndicho kilichoanguka. Naona hilo lilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Tukarudi, nikafuta kioo cha mashine, tukaanza upya. Chanda cha pete cha mkono wa kushoto kikakubali.

Usidhani alinishukuru. Alitoa pesa yake, akaihesabu mara tatu, akauliza makato haya ya nini, akanisomea khutba ya makato, akachukua baiskeli. Mlangoni akawageukia waliokuwa kwenye foleni akawaambia, "Anzeni na mafuta." Akaenda zake. Kesho yake watatu walikuja wananukia nazi.

Wa pili alikuja siku ya nne, saa kumi na moja jioni, tumechoka hata salamu hatujibizani. Kijana wa shati jeupe, mpole, sauti ya chini. "Poleni na kazi dada zangu, mnabeba mzigo wa mji mzima." Siku nne nilikuwa sijaambiwa pole na mtu! Kaja na soda mbili za baridi, akatuwekea mezani. Kamshika mkono bibi kizee, mtandio hadi machoni, masikio mazito. "Bibi yangu huyu, simu imekwenda na maji." Namba ya NIDA ya bibi akanitajia kwa kichwa, tarakimu zote ishirini, hakukwama.

Zuhura, wewe ya mama yako unaijua kwa kichwa? Mimi yangu siijui. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, nami nikashukuru: leo kaja mtu aliyejiandaa. Kidole cha bibi kikakubali mara ya kwanza. Laini ikawa tayari. Kijana akanyoosha mkono.

Kilichomwokoa bibi si akili yangu, ni ile desturi ya sahani. Nilikuwa nimezoea kuijaribu kila laini kwenye simu ya duka, mkono ukaenda wenyewe. Jumbe zikaanza kulia. Umepokea, umepokea, umepokea. Nikainama nikamwuliza bibi kwa sauti ya kupasua koo, "Bibi, hongera, nani kakutumia pesa yote hii?"

Akasema, "Mwanangu wa Unguja. Lakini mimi sikufuata pesa. Huyu kijana kaniambia hapa mnaandikisha unga kwa kidole."

Nilipoinua macho shati jeupe halipo. Soda zilibaki mezani, zinatoa jasho. Baadaye bibi alitueleza kwamba juzi yake yule kijana alipita kule bondeni na daftari, anaandika majina na namba za NIDA za waliopatwa na maji, ati kwa ajili ya msaada. Bibi alimpa kitambulisho akanakili, akamshukuru, akamwombea dua. Nikampigia yule mwana wa Unguja, tukamwita jirani, bibi akaenda na pesa yake na jirani yake. Tukatoa taarifa polisi. Mimi nikaingia uani nikakaa kwenye ile ngazi ya muashi, miguu inatetemeka. Kama ningempa ile laini mkononi ningekuwa nimeitoa mimi, kwa mashine yangu, kwa jina langu.

Wale wote walionitukana siku nne zile, hakuna hata mmoja aliyetaka kisicho chake. Hata wa kandambili. Alirudi baadaye kuifuata, mlinzi kampa, wakacheka. Nikifikiria nilivyowaogopa hao nikamchekea yule wa soda, najiona mjinga.

Sasa tazama kalenda. Huyo alikuja Jumatatu jioni. Wewe ulinipigia Jumanne saa nne asubuhi. "Namba ya NIDA ninayo, nikutumie." Sikusikia sauti yako, shoga, nilisikia yake. Nilikujibu kwa ukali ambao haukuwa wako, na kwa hilo nisamehe. Kwa kukataa sikuombi radhi.

Basi mama. Alhamisi alipanda daladala mwenyewe kutoka Pongwe, viatu mkononi, akaingia dukani akapanga foleni kama watu, nami nilikuwa sijamwona. Alipofika mezani nikaruka kumwamkia. Kidole chake kikakubali mara ya kwanza, mikono ya mtu wa kushona hiyo. Akataka na namba ya siri ibadilishwe, kwa sababu, akasema kwa sauti duka zima likasikia, "ile ya zamani nilitia mwaka aliozaliwa Zuhura." Nikamwambia mama, polepole. Kisha akaniuliza, "Zuhura si alikupigia?"

Nikasema alipiga.

"Ukamkatalia?"

"Nikamkatalia, mama."

Akawa anaitia laini kwenye simu, haingii, akaigeuza, ikaingia. "Umefanya vizuri. Na hii namba ya siri mpya usimwambie. Yule huniuliza salio kila mwisho wa mwezi."

Amesema umpigie baada ya isha, sasa anapatikana. Nami pia napatikana.

Wako,
Mwanaisha