Barua ya malalamiko: Maua ya sakura tuliyouziwa yalikuwa yamekwisha pukutika

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Utalii (jina nimelihifadhi),
Dar es Salaam.

Tanga, 19 Mei 2025

Yah: Malalamiko kuhusu safari ya “Sakura na Utamaduni wa Japani”, 25 Aprili hadi 5 Mei 2025

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Mimi ni mmoja wa wateja wenu 12 mliotupeleka Japani. Nililipa dola 4,850 kwa kichwa, changu na cha mke wangu, kwa mafungu matatu, na risiti zote ninazo. Nimekwisha piga simu ofisini kwenu mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa mhusika yuko kikaoni. Mara ya pili mhusika alipatikana, akacheka kidogo, akasema, “Mzee wangu, si mmefika na kurudi salama?” Tumefika, na tumerudi salama, alhamdulillahi. Ila kama haja yangu ingekuwa kufika tu, ningekata tiketi ya ndege mwenyewe nikaokoa zaidi ya nusu ya fedha.

Nianze na sakura, yaani maua ya mcheri wa Kijapani, maana ndilo jina la safari na ndiyo picha mliyoibandika kwenye dirisha la ofisi yenu: mto, daraja, na miti iliyojaa maua ya waridi mpaka matawi yameinama. Mke wangu aliitazama picha ile miezi minane. Tulipofika Kyoto tarehe 29 Aprili miti ilikuwa ya kijani kibichi, majani matupu, kama miembe baada ya msimu. Mwongozaji akatuambia maua “yamewahi mwaka huu”. Hayakuwahi. Sakura ya Tokyo na Kyoto huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na ikishafunguka yote haikai zaidi ya wiki moja hivi kabla ya kupukutika. Utabiri wa kuchanua hutangazwa tangu Januari, mji kwa mji. Mtu anayeuza safari ya sakura hana budi kuusoma, kama anayeuza dagaa anavyotazama mwezi. Na kama tarehe zenu zilikuwa hazibadiliki, nchi ile ni ndefu: kule kaskazini, Hirosaki katika mkoa wa Aomori, maua hungoja hadi nusu ya pili ya Aprili. Hamkutupeleka huko. Mlituuzia ua la Machi kwa tarehe za Mei.

Tena tarehe zenyewe mlizochagua ndizo ambazo Mjapani naye yuko safarini. Kuanzia 29 Aprili hadi 5 Mei wana sikukuu nne zilizokaribiana, na watu huunganisha na mapumziko wakaondoka mijini kwa mamilioni. Wao wenyewe wanaiita Wiki ya Dhahabu. Mwaka huu juu ya hilo kuna Maonyesho ya Dunia Osaka, yaliyofunguliwa 13 Aprili. Hakuna hata mstari mmoja katika vijitabu vyenu uliotuonya. Kila foleni tuliyopanga, na tulipanga nyingi, mtu alitueleza kwa upole kwamba wiki moja kabla hapakuwa hivi.

Sasa niwaeleze Jumapili ya 27, tukiwa Tokyo, kwa sababu ile ndiyo iliyonifanya nianze kuandika mambo kwenye daftari. Ratiba yenu inasema: “Alfajiri: mnada wa jodari, soko la samaki la Toyosu.” Mimi nimekulia karibu na samaki. Nimeona minada ya Deep Sea hapa Tanga na ya Feri huko kwenu, na jambo hili nililitamani kuliko mahekalu yote. Tuliamshwa saa tisa usiku. Saa kumi na moja basi likatushusha mbele ya jengo kubwa, jeupe, kimya kabisa. Hakuna gari, hakuna barafu, hata harufu ya samaki hakuna. Akatoka mlinzi mmoja mzee, akainama kwa heshima, kisha akakunja mikono yake miwili ikapishana kifuani mfano wa alama ya X. Pamefungwa. Soko la Toyosu halifanyi kazi Jumapili. Si Jumapili ile tu, bali karibu Jumapili zote za mwaka. Baadaye nikafahamu pia kwamba hata siku za kazi, anayetaka kuuona mnada kwa karibu huomba mwezi mmoja kabla na majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Nauliza: jina letu liliombwa lini, na nani? Mama mmoja wa kundi letu, mwenye miaka 71, alikaa kwenye ukingo wa barabara kwa baridi ile akisubiri basi ligeuze. Mlinzi alimletea kopo la chai ya moto kutoka kwenye mashine. Huyo ndiye mtu pekee aliyetuhudumia asubuhi ile, na hakuwa wenu.

Mlima Fuji siwadai. Tulikaa Kawaguchiko, chini ya mlima huo, kutwa nzima Jumatatu na hatukuuona hata unyasi, wingu lilikuwa limeufunika mpaka chini. Mtu aliyetoka nchi ya Kilimanjaro anajua kwamba mlima hujificha, na halaumiwi mtu. Ninachouliza ni kwa nini kijitabu kiliandika “kupanda Mlima Fuji” wakati njia za kupandia hufunguliwa Julai na kufungwa Septemba, na Aprili kule juu ni theluji. Kijana mmoja alibeba viatu vya mlima kutoka Arusha. Amevirudisha vipya.

Kuhusu treni nitasema kwa ufupi. Mlitukatia pasi ya reli ya siku 7, ambayo ilikuwa yen 50,000, kisha mkatupandisha treni ya kasi iitwayo Nozomi kutoka Tokyo kwenda Kyoto. Pasi ile haiingii Nozomi bila kulipa nyongeza, na kila mmoja akatoa yen 4,960 mfukoni mwake. Hikari, inayopita reli ileile na kuchelewa kama nusu saa tu, tungepanda bure. Stakabadhi ninazo.

Jambo la Miyajima ndilo linaloniuma zaidi, na naomba mlisome taratibu.

Nimefanya kazi ya ukarani bandarini Tanga miaka 31. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji lilikuwa ukutani juu ya meza yangu siku zote hizo. Kisiwa cha Miyajima, karibu na Hiroshima, kina hekalu la Itsukushima lililojengwa juu ya nguzo ufukweni, na mbele yake, baharini, limesimama lango jekundu la mbao lenye kimo cha mita 16 hivi. Lango la sasa ni la 1875. Miguu yake haikuzikwa ardhini. Linasimama kwa uzito wake lenyewe, juu ya mchanga, na bahari inakuja na kuondoka chini yake. Maji yakijaa, lango na hekalu huonekana vinaelea. Yakipwa, ni tope, mwani na watu wanaochokoa kombe. Picha iliyo kwenye jalada la kijitabu chenu ni ya maji yaliyojaa.

Mlitufikisha pale tarehe 30 Aprili saa kumi jioni. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tatu tu nyuma, yaani ni bamvua, na bamvua hupwa sana. Nilipokuwa bado kwenye feri nilitazama nguzo za gati, nikaona alama ya maji ilivyokuwa juu na maji yenyewe yalivyo chini, nikamwambia mke wangu, “Tumekuja kuona maji yamekupwa.” Na ndivyo. Tulitembea kwa miguu hadi chini ya lango lile, viatu vimejaa tope, watu wamejazana wakipiga picha. Sikatai kwamba nalo lina uzuri wake. Unaligusa gogo la mkafuri, unaona lilivyoshikana na kombe. Lakini nyinyi hamkutupeleka kuona hilo. Saa za kujaa na kupwa zinajulikana mwaka mzima kabla. Asubuhi ileile, mnamo saa nne, maji yalikuwa yamejaa tele.

Na asubuhi ile tulikuwa wapi? Tulikuwa Hiroshima mjini, kwenye Jumba la Makumbusho ya Amani, tumepewa dakika 35. Foleni ya kuingia tu ilikula 20. Ndugu Mkurugenzi, pale pana saa ya mkononi iliyosimama kwenye saa mbili na robo asubuhi, ya tarehe 6 Agosti 1945, bomu la nyuklia lilipoanguka. Pana baiskeli ya miguu mitatu ya mtoto, imeungua. Watu wanapita mbele ya vitu vile hawasemi neno, unasikia nyayo tu. Nikiwa nimesimama mbele ya baiskeli ile, simu ikalia: mwongozaji anatuita, basi linaondoka. Mtu hafukuzwi msibani namna ile. Mngezigeuza tu ziara hizi mbili, Miyajima asubuhi maji yakiwa yamejaa, makumbusho mchana hadi jioni, mngetupa vyote viwili kwa nauli ileile, kwa basi lilelile. Hapakuhitajika hata senti moja zaidi, ila mtu wa kutazama jedwali.

Sitaki kumlaumu yule kijana mwongozaji. Alikuwa na karatasi mliyompa na aliogopa kuikiuka. Pale Fushimi Inari, hekalu la Kyoto, kwenye yale maelfu ya malango mekundu yanayopanda kilima, alitufikisha saa sita mchana tukasogea kama watu wa mwendokasi saa za jioni. Hekalu lile halina kiingilio wala halifungwi, usiku na mchana. Kesho yake mimi na mke wangu tuliamka wenyewe, tukaswali alfajiri hotelini, tukachukua treni, na kabla ya jua kupanda tulikuwa tumeshatembea chini ya malango yale tukiwa karibu peke yetu, na kunguru. Hiyo ndiyo saa njema kabisa niliyoipata Japani, na haimo kwenye ratiba yenu. Vilevile kule Gion, mtaa wa Kyoto, ratiba ilisema “kutembea vichochoroni na kupiga picha na geisha”, yaani wale wasanii wa kike wa jadi. Tulikutana na vibao kwenye njia za watu binafsi: ni marufuku, faini yen 10,000. Wenyeji wamechoka kukimbizwa na kamera. Mlitutuma tukawaudhi watu kwao.

Kuhusu Ijumaa. Kwenye fomu yenu tulijaza kwamba tisa kati yetu ni Waislamu, na mkaandika wenyewe: “Swala ya Ijumaa, Msikiti wa Kobe”, msikiti wa kwanza Japani, wa 1935. Najua msafiri ana ruhusa yake, sihitaji fatwa ya ofisi ya utalii. Lakini ratiba hiyohiyo ilituweka Nara hadi saa sita, na Nara iko mashariki ya Osaka wakati Kobe iko magharibi. Saa ya hotuba tulikuwa tungali Nara tukiwalisha paa biskuti. Chakula “halali” cha usiku wa kwanza Kyoto kilikuwa tambi za supu ya mifupa ya nguruwe. Aliyetuokoa ni mpishi mwenyewe, aliyemwona mke wangu na mtandio wake akaja mbio kututahadharisha. Siku zilizobaki tulikula wali wa kufinyangwa wenye samaki ndani, kutoka madukani.

Kisa cha Nara kina nyongeza. Wakati kundi linasubiri basi lililochelewa, mke wangu aliona watu wanaelekea juu ya njia ya taa za mawe, naye akawafuata. Nikamfuata mimi. Tulifika hekalu la Kasuga, lililoanzishwa mwaka 768, na pale tukakuta maua ya wisteria, ya zambarau, yananing'inia vichala virefu kama shanga za mlangoni. Wajapani huliita ua hilo fuji, na msimu wake ni hasa siku zile: mwisho wa Aprili, mwanzo wa Mei. Kumbe lilikuwapo ua la tarehe zetu, na basi lenu lilituegesha mwendo wa nusu saa kutoka hapo bila mtu kulitaja. Mke wangu alikaa kwenye jiwe akatazama hadi nikaitwa kwenye simu mara tatu.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, mrudishe yen 4,960 kwa kila mmoja wa watu 12. Pili, mrudishe gharama ya siku ya Toyosu, ambayo kwenye mchanganuo wenu mmeiandika dola 180, kwa huduma ambayo haikuwapo. Tatu, kwa kutuuzia jina la sakura bila sakura, tunadai robo ya fedha tuliyolipa. Wenzangu tisa wameweka saini kwenye nakala ya barua hii na wawili wako safarini. Nipeni jibu la maandishi, si la simu, ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea. Baada ya hapo nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na kijitabu chenu, ratiba, risiti na daftari langu.

Mke wangu anaomba niongeze jambo moja. Ile picha ya dirishani, ama muiondoe, ama muiandikie chini yake tarehe iliyopigwa.

Wenu,

Mteja, kundi la Aprili 2025
(jina na saini vimo kwenye nakala halisi)