Usivitupe vigae vya bakuli la bibi

London, Jumapili

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila baridi imetushika. Nakuandikia mbio kwa sababu ya bakuli la bibi. Nimesikia limeanguka kidakani na unataka kuvitia vigae jaani. Tafadhali ngoja kwanza nikueleze nilichokiona jana.

Nilikwenda makumbusho ya Victoria and Albert, nikakuta chemchemi ya kuwekwa mezani, yote kauri nyeupe pepepe. Ilitengenezwa Meissen, Ujerumani, miaka ya 1740, na fundi wa vielelezo alikuwa Johann Joachim Kändler. Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, yuko na mkewe Amphitrite, na mbele yao farasi wenye mikia ya samaki. Kandokando wamejilaza wazee wawili wa mito: mmoja Tiber, mto wa Roma, wa pili Nile yetu! Nilisimama kwa yule mzee wa Nile mpaka miguu ikaniuma. Ndevu zake zimechongwa uzi kwa uzi, utadhani zimetoka majini sasa hivi.

Mwenye chemchemi hiyo alikuwa Heinrich von Brühl, waziri wa Saxony, dola ya Kijerumani ya zamani hizo. Alikuwa na chemchemi kama hiyo ya mawe bustanini kwake Dresden, ipo hadi leo, naye akataka mfano wake mezani. Mjumbe wa Uingereza aliyekula kwake mwaka 1748, pamoja na wageni zaidi ya 200, aliandika kuwa chemchemi ya mezani ilikuwa ikimwaga maji ya waridi muda wote wa karamu. Maji ya waridi, Mwanaisha! Nikakukumbuka wewe na mrashi siku ya harusi yangu, ulivyoninyunyizia mpaka mtandio ukalowa.

Na jina lenyewe: sisi twaita kauri, kama yule kauri, konokono wa ufukweni. Waitaliano nao, porcellana lilikuwa jina la kauri huyohuyo. Macho yao na yetu yaliona mng'aro mmoja.

Sasa sikiliza. Makumbusho iliinunua chemchemi hiyo mwaka 1870, na kwa miaka mingi ilikuwa vipande tu, vingine havipo kabisa. Mafundi wakaviunganisha vilivyobaki, vilivyopotea wakavipima kwa kompyuta na kuvifinyanga upya. Udongo wa kauri ukichomwa hunywea karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko kitu chenyewe. Lakini hesabu zote hizo zilianzia kwenye vigae ambavyo mtu hakuvitupa.

Basi kusanya vyote, hata kilicho kidogo kama ukucha. Fagia na chini ya kitanda. Vifunge kwenye kitambaa laini, kila kimoja peke yake, uvitie mkebeni. Gundi ya dukani usiiguse. Nitakuja Desemba, in shaa Allah, tukae barazani tuvipange pamoja.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Rukia